Kutoka Barabara ya Kipushi hadi Pietermaritzburg

Watu wakisikia kwamba ninakimbia mbio zinazozidi marathoni, jambo la kwanza wanaloniuliza ni habari ya miguu. Wanataka kujua kama magoti hayaumi, kama nyayo hazichubuki na kama kucha hazing'oki. Magoti huuma, nyayo huchubuka, na kucha mbili tatu hugeuka nyeusi na kuanguka baada ya majuma machache, lakini sijawahi kumwona mkimbiaji aliyejiandaa akiacha mbio kwa sababu ya ukucha. Wengi niliowaona wakikaa kando ya barabara na kukataa kuinuka walishindwa na tumbo kwanza, na tumbo ndilo lililowaharibia kichwa. Kwa hiyo katika simulizi hii nitaanzia tumboni, kisha nipande kichwani, na miguu itapata nafasi yake mwishoni.

Marathoni ni kilometa 42.195, na mbio zozote zinazozidi hapo huitwa ultramarathoni. Kuna za kilometa 50, za 100, na za maili 100 ambazo ni sawa na kilometa 161. Huko Ugiriki watu hukimbia Spartathlon, kilometa 246 kutoka Athens hadi Sparta, wakipewa muda wa saa 36 za kumaliza. Mimi sikuwa na tamaa ya mambo makubwa kiasi hicho. Mbio zilizonivuta ni Comrades ya Afrika Kusini, zilizoanzishwa mwaka 1921 na Vic Clapham ili kuwakumbuka askari waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hukimbiwa kati ya Durban na Pietermaritzburg, kwa kawaida mwaka mmoja kwa kupanda kutoka pwani na mwaka unaofuata kwa kuteremka, umbali unaokaribia kilometa 90, na anayetaka medali lazima afike kabla ya muda wa saa 12 kwisha. Nilizichagua kwa sababu mbili zisizo na ushujaa wowote: kutoka kwetu Lubumbashi, Kongo, mtu anaweza kufika huko kwa barabara, kupitia mpaka wa Kasumbalesa kisha Zambia, na muda wake wa mwisho unamruhusu hata mwalimu wa biolojia mwenye watoto na rundo la madaftari ya kusahihisha kuwa na matumaini.

Uwanja wangu wa mazoezi ulikuwa barabara ya Kipushi. Kutoka Lubumbashi hadi mji ule ulioko mpakani na Zambia ni takriban kilometa 30, kwa hiyo kwenda na kurudi kunatosha kumwonyesha mtu sura ya kwanza ya ultramarathoni bila kulipa kiingilio popote. Tulikuwa kikundi kidogo: fundi wa magari, muuguzi, mwanafunzi wa chuo kikuu na mimi. Tuliondoka saa kumi alfajiri ili tuwe tumerudi kabla ya malori kujaa, kwani tangu mgodi wa Kipushi uliokuwa umesimama mwaka 1993 uanze tena uzalishaji mwaka 2024, barabara ile haina usingizi. Sikuweza kwenda peke yangu. Mwanamke anayekimbia peke yake gizani pembezoni mwa mji wetu ana mambo mengi ya kuogopa, na maneno ya majirani ndiyo madogo kuliko yote. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa kiangazi, joto hushuka chini ya nyuzi 10 kabla ya jua kuchomoza, na moshi wa majani yanayochomwa porini hulala chini kiasi cha kukwaruza koo. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, jua lilitupiga tukiwa bado mbali na nyumbani, na hapo ndipo kila mmoja wetu alipojua tumbo lake limeumbwa vipi.

Njiani tulikutana na wauza mkaa. Kila mwenyeji wa Lubumbashi anawajua: vijana na wazee wanaotoka porini usiku wakisukuma baiskeli zilizobebeshwa magunia kadhaa, yamepangwa juu na kando ya gurudumu la nyuma hadi mzigo unampita msukumaji kwa urefu. Midomo ya magunia imefungwa kwa majani, na mzigo wote umekazwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Usukani umeongezwa mti unaorefuka kuelekea nyuma, ili msukumaji aweze kuiongoza baiskeli akiwa ubavuni mwake, na mkononi ana mti mwingine wenye panda, wa kuiegemeza anaposimama. Nilikuwa nimewaona maisha yangu yote bila kuwatazama. Nilipoanza kuwafuata kwa mwendo wa karibu niliona kwamba wana taratibu ambayo hawaivunji. Hawasimami kwa sababu wamechoka. Husimama mahali wanapojua watasimama, penye mti fulani au mwanzo wa mwinuko fulani, huegemeza baiskeli, hunywa kidogo, hula muhogo au hindi la kuchoma, hukagua kamba, kisha huendelea. Hakuna anayejaribu kuupanda mlima kwa haraka ili amalize taabu. Kwenye mwinuko hatua zao hufupika, na kichwa huinama kutazama gurudumu la mbele tu.

Mmoja wao, mzee mwenye koti la mvua lililokatwa mikono, alizoea kutuona na siku moja akaniuliza, "Mama, unakimbia hivi, ni nani anakufukuza?" Nikamjibu, "Hakuna, baba. Ninajizoeza tu." Alinitazama nikihema baada ya mwinuko, akatikisa kichwa. "Basi tembea pale kwenye kilima. Sisi wote tunatembea, na mjini tunafika." Muuguzi wetu alicheka, lakini baada ya kilometa chache wote tulikuwa tunatembea kwenye kila mwinuko, tukianza kutembea kabla ya kuhema. Baadaye niligundua kwamba hivyo ndivyo wafanyavyo wakimbiaji wengi wazoefu wa mbio ndefu: kwenye mwinuko mkali, tofauti ya kasi kati ya anayekimbia kwa shida na anayetembea kwa bidii ni ndogo, lakini tofauti ya mapigo ya moyo ni kubwa, na deni hilo la moyo hulipwa saa kadhaa baadaye.

Sasa nirudi kwenye tumbo. Mwili wa mtu mzima huhifadhi sukari kwa namna ya glikojeni, sehemu kubwa kwenye misuli na sehemu ndogo kwenye ini, na akiba yote hiyo hutoa takriban kilokalori 2,000. Kukimbia hutumia karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili katika kila kilometa, kwa hiyo mtu wa kilo 60 atakayekimbia kilometa 87 atahitaji zaidi ya kilokalori 5,200. Mafuta ya mwili yapo ya kutosha hata kwa mtu mwembamba, ila huungua polepole, na ubongo unategemea sana sukari iliyo katika damu. Mtu akila njiani, utumbo hupitisha takriban gramu 60 za glukosi kwa saa. Akichanganya na fruktosi, sukari ya matunda, ambayo hupita kwenye njia yake nyingine, anaweza kufikia gramu 90, na hapo awe ameuzoesha utumbo wake kwa miezi. Ukikokotoa utaona kwamba hata mlaji hodari hawezi kurudisha kila anachokitumia. Tangu hatua ya kwanza hesabu inaelekea kwenye hasara, na kazi ya mkimbiaji ni kuhakikisha hasara hiyo haimfikii kabla ya mstari wa mwisho.

Tatizo ni kwamba utumbo wenyewe hauko tayari kusaidia. Mtu anapokimbia, damu nyingi huhamishiwa kwenye misuli, na kukiwa na joto nyingine huenda kwenye ngozi ili kuupoza mwili, hivyo tumbo na utumbo hubaki na kidogo sana. Chakula hukaa pale pale kikichezacheza, kichefuchefu huanza, na kile ambacho mtu alikipenda asubuhi humtia kinyaa saa sita za mbio baadaye. Wakimbiaji wa Ulaya na Marekani hutumia vijaluba vya sukari nzito iliyotengenezwa viwandani. Kwetu vitu hivyo havipatikani kirahisi, na vikipatikana bei yake inamfaa mtu asiye na watoto shuleni. Tulijaribu vya nyumbani. Bukari, yaani ugali, hata wa unga laini, ulikuwa mzito mno njiani, ukabaki chakula cha jioni iliyotangulia, pamoja na samaki. Ndizi mbivu zilikubalika kwa saa mbili tatu za mwanzo. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliochujwa vizuri ulishuka bila ugomvi siku za baridi, lakini ule uliolala ukachacha ulimtapisha fundi wetu mbele ya watoto waliokuwa wakienda shule, nao hawajausahau mkasa huo. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande vya kuenea mdomoni na kuviringishwa kwenye chumvi, ndivyo vilivyotufaa sote hadi mwisho, pamoja na maji yenye sukari, ndimu na chumvi kidogo, mchanganyiko ambao kila mama aliyewahi kuuguza mtoto wa kuhara anaujua.

Chumvi inahitaji maneno yake. Siku moja ya joto la mwezi wa kumi, yule mwanafunzi alikuwa ameambiwa na mtu kwamba siri ya mbio ndefu ni kunywa sana, naye akawa anasimama kila kibanda kununua vifuko vya maji na kuvimaliza vyote. Wakati wa kurudi vidole vyake vilikuwa vimevimba hata hakuweza kukunja ngumi vizuri, akalalamika kichwa kinamgonga, kisha akaanza kuuliza swali moja mara kwa mara, kama tumekwisha kufika Kipushi, ilhali Kipushi tuliiacha nyuma. Mimi nilidhani ni kiu na jua. Muuguzi alimtazama mikono, akasema hapana, asipewe maji zaidi hata tone, akasimamisha gari la kwanza lililopita na kumpeleka hospitalini. Damu yake ilikuwa imepungukiwa sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi: maji yakizidi sana ndani ya mwili, sodiamu huzimuliwa, na maji hupenya kwenye seli, zikiwemo za ubongo, ambazo hazina nafasi ya kuvimbia kwa sababu ya fuvu. Hali hii imewaua watu katika mbio. Tim Noakes, mtafiti wa Afrika Kusini, aliieleza na wenzake katika makala ya mwaka 1985 kuhusu wanamichezo wa mbio ndefu wa nchini kwake, wakati ambapo karibu kila kocha alikuwa akihubiri kunywa kwa wingi. Tangu siku ile mimi hunywa ninaposikia kiu, na siwalazimishi wenzangu.

Sasa kichwa. Kwenye Comrades nilikimbia mwaka wa kupanda, kutoka Durban, karibu kilometa 87, nikiwa nimefuzu kwa marathoni niliyoikimbia Zambia. Mbio zilianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado lipo, na katika nusu ya kwanza kuna vilima vikubwa vitatu vyenye majina ambayo wenyeji huyataja kama majina ya wakwe wakorofi: Cowies Hill, Field's Hill na Botha's Hill. Hivyo nilivitembea, nikimkumbuka mzee wa mkaa. Mwaka 2024 Gerda Steyn, mkimbiaji wa Afrika Kusini, alikimbia njia yote ya kupanda kwa saa 5, dakika 49 na sekunde 46. Mimi, muda kama huo ulipopita tangu mlio wa kuanzia, ndiyo kwanza nilikuwa nimevuka Drummond, ambako ni katikati, na nilikuwa mchangamfu kiasi cha kuwapungia mkono watazamaji. Baada ya hapo kuna kilima cha Inchanga, na ukishakimaliza unafika eneo la wazi la Cato Ridge, lisilo na kivuli wala mandhari ya kumtuliza mtu, huku kelele za barabara kuu zikisikika karibu. Huko ndiko nilikoharibika.

Ninataka kueleza jinsi ilivyokuja, kwa sababu wengi hudhani kukata tamaa ni uamuzi. Haikuja kama uamuzi. Ilianza kwa hesabu za fedha. Nilijikuta nikijumlisha nauli, kiingilio, viatu na hoteli, nikaigawanya jumla ile kwa karo ya muhula mmoja, nikapata jibu, nikarudia hesabu ile ile tena. Kisha nikaanza kuwaza kwamba baba watoto, aliyeniunga mkono tangu mwanzo, alifanya hivyo kwa kuniepuka tu. Kisha makofi ya watazamaji yakaanza kuniudhi. Mtoto mdogo, pengine wa miaka mitano, alinyoosha kipande cha chungwa kwa mikono miwili, nami nikamchukia mtoto yule kwa chuki kamili, ya mtu mzima. Mambo haya yote yalionekana kuwa kweli tupu. Hakuna wazo hata moja lililojitambulisha kuwa limetokana na upungufu wa sukari.

Kwenye kikundi chetu tulikuwa na sheria iliyotokana na barabara ya Kipushi: baada ya kilometa 50, wazo lolote zito halijadiliwi kabla ya kula na kungoja dakika 15. Nililichukua lile chungwa. Kwenye meza iliyofuata nilichukua viazi vya kuchemsha vyenye chumvi na soda, nikatembea nikitafuna, nikijilazimisha kumeza huku tumbo likikataa, na nikaitazama saa. Kabla ya dakika 15 kuisha nilikuwa ninasikia tena kelele za magari kama kelele za magari. Karo ilikuwa bado haijalipwa yote, hilo halikubadilika, lakini haikuwa tena sababu ya kukaa chini kwenye majani ya Cato Ridge. Kwa hiyo mtu anaponisimulia habari za moyo wa chuma na nia isiyotetereka, mimi humuuliza kwanza alikula nini na saa ngapi. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita udhaifu wa nia ni ini lililoishiwa.

Hata hivyo si yote, na hapa wataalamu wenyewe hawakubaliani. Noakes, huyo huyo wa maji, alipendekeza kwamba uchovu hauanzi pale misuli inaposhindwa, bali ubongo huamua mapema kupunguza nguvu ili kuulinda mwili, kama mama anayeanza kupunguza kipimo cha unga wakati gunia lingali nusu, kwa sababu anajua mwisho wa mwezi uko mbali. Wapo wanaompinga wakisema kwamba ushahidi hautoshi na kwamba mambo mengi yanaelezeka bila mlinzi huyo wa siri. Mtafiti mwingine, Samuele Marcora, anaelekea upande mwingine: mwaka 2009 yeye na wenzake walionyesha kwamba watu waliofanya kazi nzito ya akili kwa dakika 90 walikata tamaa mapema zaidi kwenye baiskeli ya majaribio, ingawa moyo na misuli yao haikuwa imechoka zaidi ya siku nyingine, kilichobadilika ni jinsi walivyouhisi ugumu wa kazi. Mimi sina maabara, lakini jaribio hilo la Marcora ninaliamini kwa sababu nimelifanya mara nyingi bila kujua. Siku za mitihani, baada ya kusahihisha hadi usiku, barabara ya Kipushi hurefuka. Ndiyo maana nilipanga mazoezi marefu yaangukie majuma yasiyo na mitihani, na kabla ya safari ya Durban niliomba mwenzangu anisaidie madaftari, jambo ambalo wenzangu shuleni waliliona kuwa ni kudeka.

Kilometa za sabini na kitu zilinifundisha jambo ambalo chakula hakikuweza kulitatua. Nilikuwa nimekula, sikuwa na kichefuchefu, sukari ilikuwepo, na bado sikuona sababu ya kuinua mguu mwingine. Hapo nilisaidiwa na basi. Kwenye Comrades, mabasi ni makundi ya wakimbiaji wanaofuatana na mtu mmoja mzoefu, ambaye huitwa dereva, naye huahidi kuwafikisha ndani ya muda fulani. Dereva wetu alikuwa mzee mwembamba wa Afrika Kusini, mwenye sauti iliyokwisha kukauka, na basi lake lilikuwa la wale wa dakika za mwisho. Hakutuambia kwamba tunaweza, wala hakutuambia tusikate tamaa. Alitutajia nguzo. Tunakimbia hadi nguzo ile, tunatembea hadi kibao kile, tunakunywa hapo, hakuna anayetangulia. Katika kundi lile lenye watu wengi wanaonuka jasho na mafuta ya kuchua, nilipewa kazi ndogo mno kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya kuuliza maana yake. Mwanamke mmoja aliyekuwa upande wangu wa kushoto alishika kiwiko changu kwenye mwinuko wa Polly Shortts, kilima cha mwisho kikubwa, ambacho huja wakati ambapo hakuna mtu anayestahili kuletewa kilima, akakishika hadi juu, na hatukuambizana majina. Nilifikiri pale kwamba hadi mwaka 1975 mbio hizi hazikuwaruhusu rasmi wanawake wala watu weusi kushiriki, ingawa walikuwepo waliokimbia bila kutambuliwa tangu zamani, akiwemo Frances Hayward mwaka 1923 na Robert Mtshali mwaka 1935. Watu hao hawakuwa na dereva wa kuwatajia nguzo.

Muda ukiisha, ofisa mmoja husimama kwenye mstari akiwapa mgongo wakimbiaji, ili asimwone nani yuko karibu, kisha hupiga bunduki na njia hufungwa. Basi letu liliingia likiwa na dakika chache mkononi, nikapata medali ya Vic Clapham, ambayo hupewa wanaomaliza kati ya muda wa saa 11 na 12. Nilibaki pale kutazama. Bunduki ilipolia, mwanamume mmoja alikuwa hatua chache tu kutoka mstarini. Alisimama, akaweka mikono kiunoni, akatazama nyuma kana kwamba anawatafuta wengine. Watu wanaozipenda mbio hizi husema huo ndio uzuri wake. Mimi bado sijakubaliana nao. Naelewa kwamba bila mpaka hakuna mbio, lakini mtu aliyekimbia kilometa 87 na kukosa sekunde kumi amefanya kazi ile ile niliyoifanya, na sidhani kwamba tofauti kati yetu ilikuwa nia. Huenda ilikuwa ni foleni ya kujisaidia.

Siku zilizofuata zilikuwa za miguu. Niliteremka ngazi za nyumba ya wageni kinyumenyume, nikishikilia ukuta. Misuli ya mapaja huumia zaidi inapofanya kazi huku ikirefuka, kama inavyotokea mtu anapoteremka na kujizuia kwa kila hatua, na hata njia ya kupanda ina miteremko mingi ya namna hiyo. Misuli iliyoharibika humwaga protini yake iitwayo myoglobini kwenye damu, na figo ndizo zinazopaswa kuisafisha. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawa au soda nyeusi, hilo si jambo la kungojea kesho. Kwa sababu hiyo hiyo tulikatazana dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni wakati wa mbio, kwani huzipunguzia figo damu wakati zinapoihitaji kuliko siku zote. Sikujua kwamba huzuni nayo ingekuja. Majuma mawili ya kwanza nyumbani nilikuwa mtu wa kukasirika kwa jambo dogo, nikilala mapema na kuamka saa tisa usiku, nisijue niamkie nini. Muuguzi alinieleza kwamba wengi huipitia hali hiyo lengo kubwa linapoondoka ghafla, akanishauri nile vizuri, nitembee, nisijiandikishe popote kwa wakati huo.

Wenzangu wa kikundi sasa wanataka twende sote mwaka wa kuteremka, wakiamini kwamba kushuka ni rahisi. Nimewaonyesha mapaja yangu kwenye picha. Lubumbashi ni tambarare, na mahali pa pekee pa kuyazoesha mapaja kushuka nilipopapata ni ngazi za ghorofa ya shule yetu, siku za Jumamosi, mlinzi akiniruhusu. Fundi amekwisha kuzijaribu. Alipanda na kushuka kwa nusu saa, Jumatatu akashindwa kuingia chini ya gari la mteja, na amesema kwamba ataendelea.